Mkoba wa nguo kuukuu: kwa nini vishikio vinang'oka?

Mwanagenzi

Salamu kwenu mafundi, na kwenu nyote mnaojifunza. Nimeanza kushona hivi karibuni kwa cherehani ndogo ya nyumbani, na mpaka sasa ninachokiweza vizuri ni mshono ulionyooka. Nimekusanya nguo zisizovalika tena ambazo sina moyo wa kuzitupa: suruali mbili za jinzi, mashati matatu ya pamba yaliyokuwa ya marehemu baba yangu, fulana kadhaa, pamoja na gauni moja la kitambaa chepesi kinachoteleza. Nia yangu ni kuzigeuza mikoba ya kubebea vitabu na mahitaji ya kila siku, mikoba itakayotumika kweli.

Mkoba wa kwanza niliutoa katika mguu mmoja wa jinzi. Nilikata sehemu ya kuanzia pajani hadi chini ya goti, nikaufunga upande mmoja, kisha nikashonea vishikio viwili nilivyovikata kwenye upindo wa shati. Siku ya tatu, nikiwa nimebeba vitabu vinne tu, kishikio kimoja kiling'oka na kipande cha kitambaa cha mkoba, kikaacha tundu la ukubwa wa sarafu. Wakati wa kushona sindano mbili zilinivunjikia, zote mahali ambapo mishono miwili minene inakutana. Aidha, mkoba wenyewe ni bapa kama bahasha, hivyo vitabu vinasukuma pembe za chini na tayari uzi umeanza kuonekana.

Naomba kujua kosa langu liko wapi hasa: ni kitambaa, ni uzi, au ni namna nilivyoshona? Je, jinzi ni mwanzo mzuri kwa mtu wa kiwango changu? Na hizo pembe za chini hupewaje upana?

Fundi Bitana

Ndugu Mwanagenzi, nianze na hilo tundu, kwa sababu ndilo linaloeleza mengi. Kishikio kikichomoka kwa uzi kukatika, kasoro huwa ni ya uzi. Kikichomoka na nyama ya kitambaa, maana yake uzi ulikishinda kitambaa nguvu, na mzigo wote ulikuwa umening'inia mahali padogo mno.

Kwanza, umekata sehemu dhaifu kuliko zote. Magoti, makalio na mapaja ya ndani ndiko suruali inakolika, hata pale ambapo jicho halioni kuraruka. Kabla ya kukata chochote, inua nguo mbele ya mwanga wa dirisha uone inapopitisha nuru kupita kiasi. Kisha ishike kwa vidole gumba viwili vilivyokaribiana, uvute kwa upana na kwa urefu. Ukisikia nyuzi zinalia au ukaona zinaachana, kipande hicho hakifai kubeba uzito, ingawa kinaweza kuwa kiraka cha pambo. Jinzi huwa nzima zaidi kuanzia chini ya goti hadi karibu na upindo wa mguu, na kwenye ukanda wa kiunoni, ambao una tabaka zaidi ya moja.

Pili, nadhani mishono yako ilikuwa midogo na imebanana. Cherehani nyingi za nyumbani huwekwa karibu na milimita 2.5 kwa kazi za kawaida, na kwenye kitambaa kinene kilicholika urefu huo hukitoboa mfululizo kama ukingo wa stempu, kisha kikavutwa kinachanika kwenye mstari huo huo. Kwa jinzi weka milimita 3 hadi 3.5, na tumia uzi wa poliesta, kwa kuwa uzi wa pamba huchoka mapema unaposuguliwa.

Tatu, na hili ndilo ninalotaka ulishike kuliko mengine yote: uzito lazima usambazwe. Jacob Davis, fundi cherehani wa Marekani, alikuwa na tatizo linalofanana na lako, kwani mifuko ya suruali za wafanyakazi ilikuwa ikichanika kwenye pembe. Dawa yake ilikuwa kugonga ribiti za shaba, yaani vipini vidogo vya chuma vinavyobana kitambaa, kwenye pembe hizo, na mwaka 1873 yeye na Levi Strauss walipewa hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, ya wazo hilo. Wewe huna haja ya ribiti. Shusha ncha ya kishikio angalau sentimita 4 chini ya ukingo wa mdomo wa mkoba, weka kwa ndani kiraka cha jinzi nzima kikubwa kuliko ncha hiyo, kisha shona mraba wa kuzunguka ncha na msalaba wa kukatisha pembe hadi pembe, ukipitia tabaka zote kwa pamoja. Hapo mzigo utabebwa na mistari sita badala ya mmoja.

Vishikio vyenyewe usivikate kwenye shati. Kata vipande viwili vya jinzi vyenye upana wa sentimita 10 na urefu wa sentimita 65 hivi, kunja kingo zote mbili zikutane katikati, kisha ukunje tena katikati mara moja. Utapata mkanda wa sentimita 2.5 wenye tabaka nne, ushone pande zote mbili. Vikate kwa kufuata urefu wa mguu wa suruali, kwa kuwa ndiko nyuzi za mtande, yaani nyuzi za urefu wa kitambaa, zinakoelekea, nazo hazivutiki kirahisi. Mkanda uliokatwa mshazari utarefuka kila utakapobeba kitu kizito.

Kuhusu sindano, tumia namba 100/16 iliyotengenezwa kwa ajili ya jinzi, si ile ya 80/12 inayofaa mashati. Unapokaribia kifundo cha mishono, simama. Kipondeponde kwa nyundo juu ya ubao mpaka kilainike, halafu weka nyuma ya mguu wa cherehani kitambaa kilichokunjwa chenye unene sawa na kifundo, ili mguu usipande kilima ukiwa umeinama. Shona hatua chache kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono. Sindano nyingi huvunjika kwa sababu mguu umeinama na mshonaji anavuta kitambaa ili kipite. Kitambaa kikivutwa hupinda sindano, nayo inagonga chuma cha chini. Na kama umekata karibu na mifuko ya suruali, hakikisha hakuna ribiti kwenye njia ya mshono.

Sindano ya Mkono

Nakubaliana na Fundi Bitana kuhusu vishikio, lakini sikubaliani na kumwacha mwanafunzi aendelee na jinzi peke yake. Jinzi huficha makosa ya mshono, na kwa mtu anayejifunza hilo ni hasara. Pamba ya shati haifichi kitu: ukienda kombo utaona papo hapo, na kufumua si kazi. Ningependa ashone kwanza mfuko mdogo wa shati wenye ukubwa wa daftari, aufumue, aushone tena, halafu ndipo arudi kwenye jinzi.

Jambo la pili ni kwamba si lazima kila mshono upite kwenye cherehani. Pale penye tabaka sita na zaidi, mkono hushinda. Tumia uzi imara uliokunjwa mara mbili na kupitishwa kwenye nta ya nyuki, kisha shona mshono wa kurudi nyuma: sindano inatokea mbele, inarudi kuingia pale mshono uliopita ulipoishia, inatokea tena mbele kwa umbali wa mara mbili ya urefu wa mshono mmoja. Kila hatua inaishika iliyotangulia, kwa hiyo uzi ukikatika mahali pamoja mshono haufumuki wote. Mimi nimeshona hivyo vishikio vya mkoba ninaobebea mahitaji ya jikoni, na kitambaa kimechakaa kabla ya mshono.

Fulana ziweke kando kwa sasa. Kitambaa chake kimefumwa kwa vitanzi, ndiyo maana kinavutika, na mkoba wa fulana ukitiwa vitabu hushuka hadi magotini. Unafaa kwa vitu vyepesi, au ikiwa fulana imebandikwa kwa ndani kitambaa cha kuimarisha chenye gundi inayoyeyuka kwa pasi. Gauni linaloteleza ningeliweka mwisho kabisa. Linakimbia mkasi hata kwa waliozoea.

Na tafadhali fua nguo zote na uzipige pasi kabla ya kupima. Jasho na mafuta yaliyobaki kwenye nyuzi huendelea kuila nguo, na mkunjo wa sentimita moja usiopigwa pasi hugeuka kasoro ya sentimita moja kwenye mkoba.

Mwanagenzi

Nawashukuru kwa dhati. Nimefanya jaribio la mwanga dirishani, na kweli sehemu niliyokuwa nimeikata ilipitisha nuru kama chujio, ilhali chini ya goti hapakuonekana kitu. Nimeshona pia mfuko mdogo wa shati, nikaufumua na kuushona upya, na nimegundua kwamba huwa navutia kushoto kila ninapokaribia mwisho wa mstari. Sikulijua hilo nilipokuwa nikishona jinzi.

Sasa nina vipande viwili vizima vya jinzi, kila kimoja sentimita 43 kwa 43, nilivyovipata kwa kuunganisha miguu iliyopasuliwa. Sijui nivipeje upana wa chini, na pia sijui kama bitana, yaani kitambaa cha ndani ya mkoba, ni lazima.

Pembe Nne

Vipande vyako vinatosha vizuri. Ukiacha sentimita 1.5 za mshono kila upande, mfuko ulioshonwa pande mbili na chini utakuwa na upana wa sentimita 40, na juu utabakiwa na kitambaa cha kumalizia mdomo.

Pembe hufanywa hivi. Mfuko ukiwa umegeuzwa nje-ndani, shika pembe moja ya chini, uifungue na kuilaza ili mshono wa ubavuni ulale juu ya mshono wa chini. Utapata umbo la pembetatu. Kutoka kwenye ncha yake pima sentimita 5 kando ya mshono, uchore mstari wa kukatisha. Mstari huo utakuwa na urefu wa sentimita 10, na hiyo sentimita 10 ndiyo itakayokuwa upana wa kitako cha mkoba. Shona juu ya mstari mara mbili, kisha ukate ncha ukiacha sentimita moja. Fanya hivyo hivyo upande wa pili.

Wanaoanza wengi hushtuka kuona mkoba umepungua, kwa hiyo hesabu mapema: upana wa mbele utashuka kutoka sentimita 40 hadi 30, kwa kuwa kila pembe imechukua 5, na kimo kitapungua kwa 5. Kama kitabu chako kikubwa kina upana wa sentimita 21 kitaingia bila kusukuma popote, na hapo ndipo pembe zako zitakapoacha kufumuka.

Bitana si lazima kwa jinzi, mradi kingo za ndani zimeshonwa zigizagi zisichuruzike nyuzi. Hata hivyo mimi ningeitia, kwa sababu inaficha viraka vya vishikio na inapunguza msuguano wa vitabu na mishono. Ishone kama mfuko wa pili wenye pembe zile zile, ila iwe ndogo kwa milimita 3 hivi kila upande ili isijikunje ndani. Ingiza mkoba wa nje ndani ya bitana, sura za vitambaa zikiangaliana, shona mdomo kuzunguka, kisha geuza kupitia uwazi wa sentimita 15 ulioacha chini ya bitana. Vishikio viwe vimekwisha kushonwa kwenye mkoba wa nje kabla ya hapo, kwa ule mraba na msalaba, ili bitana isibebe uzito wowote. Sehemu za juu za vishikio ziinamishe mbali na ukingo unaposhona mdomo, usije ukavishona kimakosa.

Mwanagenzi

Hapo umenigusa bila kujua. Ikiwa bitana haibebi uzito, basi mashati ya baba yanaweza kuwa bitana, nami sitaogopa kwamba yatachanika. Lipo moja la mistari ya buluu lenye mfuko wa kifuani alimokuwa akiweka miwani. Je, ninaweza kuuhifadhi mfuko huo, au ni lazima niufumue?

Sindano ya Mkono

Usiufumue, dada, au kaka. Funga vifungo vyote vya shati, lilaze mezani, na ukate upande wa mbele wa bitana ukiwa na safu ya vifungo katikati na mfuko ukibaki ulipo, mdomo wake ukitazama mdomo wa mkoba na ukiwa angalau sentimita 8 chini yake. Upande wa nyuma wa bitana uukate mgongoni mwa shati.

Kabla ya mkasi kugusa kitambaa, angalia vifungo viwili vya mwisho, juu na chini. Mstari wa mshono lazima upite kati ya kifungo na kifungo, la sivyo utavunja sindano nyingine. Ikihitajika, sogeza kipimo chako juu au chini kwa sentimita mbili.

Na kwa kuwa shati lina vifungo, hutahitaji kuacha ule uwazi wa chini. Ukishamaliza kushona mdomo, fungua vifungo, pitisha mkoba wote kwenye kifua cha shati mpaka utokee upande wa pili, kisha uvifunge tena. Baada ya hapo shona kwa mkono ukingo wa safu ya vifungo, ili kalamu na funguo zisiteleze zikapotelea kati ya bitana na jinzi.

Mwanagenzi

Nimefungua vifungo vyote sita na mkoba umepita. Mfuko wa kifuani umekaa upande wa kushoto, kama ulivyokuwa shatini, na miwani yangu ya kusomea inaingia humo bila shida. Kesho nashona ule ukingo kwa mkono, kisha nautia vile vitabu vinne.