Ardhi ya jamii Kenya: nusu tu wamefika, tuchague kamati?

Mfugaji_Kaskazini: Wakuu, ranchi yetu ya kikundi (ardhi ya malisho tunayomiliki kwa pamoja) inahamia chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016. Nusu tu ndio waliofika mkutanoni. Tuchague kamati ya kusimamia ardhi?

Mzee_wa_Daftari: Hapana. Akidi, yaani idadi ya chini ya wanaotakiwa kuwepo ili mkutano uamue, ni theluthi mbili ya wanajamii wote watu wazima. Kamati, watu 7 hadi 15. Kinachokwamisha wengi ni daftari la wanachama: marehemu hawajafutwa, basi mnawasubiri watu walio makaburini. Lisafisheni kwanza, kisha muitishe mkutano wakati wa mvua, mifugo ikiwa karibu na boma.

Binti_Manyatta: Waandikeni pia wanawake walioolewa katika jamii yenu! Kifungu cha 30 kinawapa uanachama moja kwa moja. Na kuuza ardhi kunataka theluthi mbili ya watu wazima walioandikishwa, si ya waliohudhuria.