Ada natozwa ya gari, nafasi nanyimwa hata ya baisikeli: wenye maegesho na madereva wa Mombasa, hii ni haki gani?

Wadau wa Mombasa na wa kwingineko, salamu kwenu. Nimevumilia kiasi cha kutosha, na leo nimeamua kulisema jambo hili wazi kwa sababu wanaolitenda wamefika mahali pa kujiona wana haki. Mimi naenda kazini kwa baisikeli ya magurudumu matatu, ile ya kuendesha ukiwa umeegemea na miguu imenyooka mbele, iliyofunikwa kwa bodi ya fibaglasi kuanzia puani hadi mkiani; kwa wenzetu wa Ulaya huitwa velomobili. Inasukumwa kwa miguu yangu tu, wala haina injini wala mota ya kuisaidia. Hata hivyo, kila nikifika mahali pa kulipa naambiwa hili ni gari, na kila nikifika mahali pa kupewa nafasi naambiwa hili si gari, kisha nikiomba basi nafasi ya baisikeli naambiwa wala si baisikeli.

Nianze na sheria, maana wengi wanaonizuia huitaja sheria ambayo hawajapata kuisoma. Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, inapofafanua baisikeli inataja ya magurudumu mawili na ya magurudumu matatu pia, mradi isiwe inajiendesha yenyewe. Ufafanuzi huo hausemi kwamba mwendeshaji lazima akae wima, wala hausemi kwamba baisikeli ikivishwa bodi ya kumkinga mtu na mvua inageuka gari. Kwa hiyo mtu anayenisimamisha na kuniambia kwamba chombo changu hakijulikani kisheria anisomee kifungu kinachosema hivyo, na kama hana, anipishe nipite.

Sasa sikilizeni yaliyonikuta mjini, kwenye maegesho ya kando ya barabara. Niliingia katika nafasi iliyokuwa wazi, nikafungua kifuniko, na kabla sijatoa mguu nje alikuwa amesimama juu yangu mtoza ada. "Ami, hapa unalipa ya gari dogo," akaniambia. Nikamweleza kwa utulivu kwamba hii ni baisikeli, nikamwonyesha pedali na mnyororo. Akajibu kwamba ina bodi, ina taa, ina vioo vya pembeni, basi ni gari, na akatoa kimashine chake akaniuliza namba ya usajili. Nikamwambia haina, kwa kuwa baisikeli haisajiliwi kama gari. Akajaribu mara kadhaa, mfumo ukakataa kumtolea risiti bila namba, na hapo ndipo akamwita mwenzake, wakashauriana, wakanigeukia wakaniambia kwamba basi gari hili litavutwa kwa kosa la kukosa namba. Tazameni jinsi hoja ilivyogeuzwa: chombo kilichoitwa gari ili kilipe ada kikaitwa gari lisilosajiliwa ili kiadhibiwe, na kati ya watu wazima wawili hakutokea hata mmoja wa kukubali kwamba mfumo umekataa kwa sababu hili si gari. Niliondoka pale nikiwa nimechelewa kazini, na hadi leo sijaegesha tena mtaa ule.

Kazini kwenyewe ni kisa kingine. Jengo letu lina maegesho ya magari mbele, na nyuma lina vyuma vya kufungia baisikeli, ambavyo hufikiwa kwa ujia mwembamba unaopinda ghafla kwenye pembe ya ukuta. Chombo changu kina urefu wa karibu mita 2.7 na upana wa sentimita 77, na magurudumu yake ya mbele yamo ndani ya bodi, kwa hiyo hayawezi kukata kona kali. Ili kigeuke kabisa kinahitaji duara la upana wa mita 10 hivi. Hakipiti ule ujia, nimejaribu mbele ya askari wa lango akaona kwa macho yake. Nilipomwomba niegeshe kwenye pembe ya maegesho ya magari, mahali ambapo gari haliwezi kuingia kwa sababu ya nguzo, alinijibu, "Mzee, hapa ni pa magari, hiyo ipeleke nyuma." Nikamwambia, "Mwanangu, umeona haipiti." Akasema ndiyo ameona, lakini amri ndiyo hiyo. Ikabidi nirudi kinyumenyume kwenye mteremko wa lango, na kwa kuwa velomobili haina gia ya kurudi nyuma, nilitoa miguu kupitia matundu ya sakafuni na kusukuma lami kwa visigino, huku magari yaliyokuwa nyuma yangu yakinipigia honi, na huyo askari ameshika kizuizi cha lango ananitazama. Simlaumu sana kijana yule, kwa kuwa anatii waliomwajiri. Hasira yangu ni kwa wasimamizi wa jengo, ambao nimewaandikia barua ya heshima kuomba ile pembe ya nguzo, na jibu lao la mdomo likawa kwamba nikitaka nafasi upande wa mbele nilipie ada ya mwezi ya gari. Yaani nilipie nafasi ambayo gari haliwezi kuitumia, kwa bei ya gari, kwa chombo wanachosisitiza kwamba si gari.

Wapo watakaosema kwamba kitu hiki ni kigeni, na kwamba watu wapewe muda wa kukizoea. Kigeni kwa Mombasa, sawa, lakini si kitu cha juzi. Huko Ufaransa Charles Mochet alikuwa akiunda vigari vya pedali katika miaka ya 1920 na 1930 kwa ajili ya watu wasiomudu gari la injini. Mwaka 1933 Francis Faure alipanda baisikeli ya kuegemea iliyoundwa na huyo Mochet akavunja rekodi ya mwendo wa saa moja kwa kufikisha kilomita 45.055, na matokeo yake ni kwamba mwaka 1934 chama cha kimataifa cha mbio za baisikeli kikabadilisha kanuni zake ili baisikeli za aina hiyo zisihesabiwe katika mashindano. Huu mchezo wa kuambiwa "hiyo si baisikeli" pindi inapomshinda mtu kuelewa umeanza zamani. Uholanzi, ambako velomobili zimekuwa zikiundwa kwa miaka mingi, jambo hili walilimaliza kwa kuandika kanuni iliyo wazi: baisikeli yenye magurudumu zaidi ya mawili na upana unaozidi sentimita 75 inaruhusiwa kupita kwenye njia ya magari badala ya kijia cha baisikeli, na bado inabaki kuwa baisikeli. Hiyo yangu niliinunua kwa Mholanzi aliyekuwa anahama pwani, na aliponikabidhi hakunionya kuhusu milima wala joto. Alinionya kuhusu watu.

Ya barabarani ndiyo yanayoniumiza zaidi, kwa sababu huko ni suala la uhai. Natoka Bamburi kwenda kisiwani, kilomita kumi na kitu, na penye tambarare chombo hiki ni neema. Mtu anayekwenda kasi kwa baisikeli ya kawaida hutumia sehemu kubwa ya nguvu zake kupambana na hewa, na upinzani huo huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo, yaani mwendo ukiwa maradufu upinzani huwa mara nne. Bodi iliyochongwa vizuri huupunguza sana, hata nguvu ileile inayompeleka mtu kilomita 20 kwa saa kwenye baisikeli ya wima humpeleka 30 na zaidi akiwa ndani ya velomobili. Mlimani ni kinyume, kwa sababu uzito unaozidi kilo 30 hausamehe, lakini njia ya kutoka Bamburi hadi Buxton, pale kisiwani, haina milima ya kutisha. Nafika mapema kuliko aliyepanda matatu iliyokwama Kongowea, sitoi moshi, na sichukui hata nusu ya upana wa gari. Kwa mtazamo wangu mji wenye msongamano kama wetu ulipaswa kututafuta watu wa aina hii.

Badala yake, dereva akiniona anafanya mojawapo ya mambo mawili. Wa kwanza hunisogelea ili anitazame vizuri. Macho yangu yako chini, karibu usawa wa kitasa cha mlango wa gari, kwa hiyo tuktuk inaponibana ubavuni ili abiria apate kunipiga picha, ninachokiona mimi ni gurudumu lake likizunguka umbali wa shubiri moja kutoka bega langu. Kuna mwenye matatu aliyeendesha sambamba nami kuanzia Bombolulu, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine umeshika simu unanirekodi, kondakta wake naye ananing'inia mlangoni akigonga bati na kupiga kelele "Roketi! Roketi!" mpaka nikalazimika kusimama kabisa ili waende zao. Wa pili hunichukulia kama taka iliyodondoka barabarani, akanipita kana kwamba sipo, na hao ndio wengi juu ya Daraja la Nyali. Pale upepo wa kutoka kwenye mkondo wa bahari hupiga ubavuni, na bodi iliyofungwa hushika upepo wa ubavuni kuliko baisikeli ya wazi, hasa kusi ikiwa na nguvu. Nahitaji nafasi ya kuyumba kidogo. Daraja lina njia sita, lakini lori likitaka kunipita halihami njia hata kwa nusu mita. Nimefunga mlingoti wenye bendera ya rangi ya machungwa unaopanda juu ya paa la gari dogo, nimefunga taa inayomulika mchana, nimebandika vibandiko vinavyoakisi nyuma na ubavuni. Mtu asije akaniambia hakuniona. Ananiona kiasi cha kunirekodi, basi ananiona kiasi cha kunipisha.

Bodaboda wanaokuja upande usio wao nao wana lao, ila hao wanamwonea kila mtu, sitawaandikia zaidi. Matuta yasiyopakwa rangi ndiyo yanayostahili kutajwa, kwa kuwa chombo hiki kina nafasi ya sentimita 10 hivi tu kati ya tumbo lake na lami, na tuta lililojengwa na mtu kwa simenti mbele ya duka lake, lenye ncha kali, hulikwangua tumbo hilo kwa sauti unayoihisi mpaka kwenye meno.

Halafu kuna mikono. Sielewi ni nani aliyewafundisha watu kwamba mali ya mtu mwingine, ikiwa ni ngeni machoni, inakuwa ya umma. Nimekuta mtu mzima amekaa juu ya pua ya bodi akipigwa picha na mkewe. Nimekuta kifuniko kimefunguliwa na mtoto ametiwa ndani. Bodi ya fibaglasi ni nyembamba kwa makusudi, ili iwe nyepesi, na haikuundwa ibebe kilo 80 za mtu juu yake. Ilipasuka ufa mrefu kiasi cha kiganja, na ikabidi niipeleke kwa fundi wa maboti Mtwapa, akausugua ufa kwa msasa, akalaza kitambaa cha fibaglasi, akapaka utomvu wake wa kugandisha (resini), akanidai pesa yake halali. Aliyekaa pale hakunipa hata pole. Mtoto akitaka kuona, aniulize mimi au mzazi wake aniulize. Nitamfungulia na kumweleza kila kitu, na nimefanya hivyo kwa furaha kwa wengi walioniomba kwa adabu.

Kuhusu joto mtaniuliza, kwa hiyo nalijibu kabisa: ukiwa unakwenda, hewa huingia kupitia tundu la mbele na hali inavumilika hata kaskazi, nami huacha kichwa nje. Linalochoma ni kusimamishwa juani bila sababu, na wanaonisimamisha ndio hao niliowataja.

Msidhani nalia peke yangu. Katika njia hiyohiyo kuna ndugu zetu wanaotumia baisikeli za magurudumu matatu za kuzungushwa kwa mikono, tena napita Bombolulu, mahali penye karakana za watu wenye ulemavu tangu 1969, kwa hiyo vyombo hivyo si vigeni kwa yeyote anayeendesha barabara ile. Nao ujia mwembamba unawashinda, nao wanapigiwa honi, nao huambiwa wazunguke nyuma. Mimi nina miguu, nikikataliwa naweza kutoka na kukiburuta chombo changu. Yule wa baisikeli ya mkono akikataliwa langoni anakwenda wapi?

Ninachotaka ni hiki. Wenye majengo waweke nafasi ya baisikeli pana inayofikika bila kona ya ghafla, na wawape askari wao maelekezo yaliyoandikwa kuhusu vyombo vya magurudumu matatu visivyo na injini. Wanaotoza ada za maegesho waelezwe kwamba kisicho na namba ya usajili kwa sababu ni baisikeli hakipaswi kutishiwa kuvutwa. Madereva wanipe mita moja na nusu ubavuni na waweke simu chini. Jumatatu naipeleka barua ya pili kwa wasimamizi wa jengo letu, safari hii nikiwa nimeambatisha ufafanuzi wa Sura ya 403 na vipimo vya ile pembe ya nguzo, na nimeomba nijibiwe kwa maandishi. Watakachoandika nitakiweka hapahapa neno kwa neno. Wakati huo, mwenye uzoefu wa kudai nafasi kama hii kwenye jengo la kupanga, kwa baisikeli au kwa kiti cha magurudumu, naomba aeleze alipitia wapi mpaka akapata.