Aliyetazama nyumbani ana haki ya kuihukumu filamu au tamasha?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Kila nikitoa maoni yangu kuhusu filamu au tamasha la muziki nililotazama nyumbani, swali la kwanza ninaloulizwa ni "uliiona wapi?" Nikijibu kwamba niliiona sebuleni, mazungumzo yanafia hapo. Naambiwa asiyekuwepo na lake halipo. Limenikera vya kutosha, sasa naomba tulijadili waziwazi: maoni ya aliyetazama nyumbani yana uzito gani?

Msimamo wangu nauweka mapema. Ana haki yote ya kusifu na ya kuponda. Ila anadaiwa kitu kimoja, nacho ni kusema alivyotazama. Kioo kilikuwa cha ukubwa gani, sauti ilitoka wapi, alikaa mara moja mpaka mwisho au aliikatakata, alikimbiza kasi au hakukimbiza. Asiposema, msomaji hawezi kujua kama kinachopondwa ni filamu au ni sebule.

Nimefika hapa kwa kukosea mwenyewe. Mwezi uliopita nilitazama filamu moja ya taratibu, ya mama na binti wanaomsubiri mtu asiyerudi. Niliitazama kwa siku tatu, kipande kwa kipande, simu ikiwa pajani. Nikawaambia rafiki zangu kwamba inachosha, haina kitu. Wawili wakaiacha kwa neno langu. Jumapili moja nikairudia, taa zimezimwa, simu nimeiacha chumba kingine. Kuna sehemu binti amekaa mezani, ameipa kamera mgongo, na kwa muda mrefu sana hakuna anayesema neno. Mara ya kwanza niliona mgongo tu. Mara ya pili nikasikia hatua za mtu nje. Zinakuja, zinapita, zinapotea, halafu zinakuja nyingine. Kila zikikaribia, bega la binti linapanda kidogo, zikishapita, linashuka. Filamu nzima imebebwa na lile bega. Mimi nilikuwa nimewanyima watu wawili kitu hicho, tena nikiongea kwa uhakika wa mtu aliyeona.

Ugomvi huu umeshafika kwenye meza za wakubwa pia. Kwenye tamasha la filamu la Cannes mwaka 2017, nembo ya Netflix, kampuni inayowaletea watu filamu nyumbani kwa mtandao, ilizomewa ukumbini. Pedro Almodóvar, aliyekuwa rais wa majaji mwaka huo, alisema haoni namna ya kuipa tuzo kuu filamu ambayo watu hawataiona kwenye skrini kubwa. Kuanzia 2018 Cannes ikaweka sharti kwamba filamu isiyoingia kwenye kumbi za sinema za Ufaransa haishindanii tuzo kuu. Lakini mwanzoni mwa 2019 filamu ya Roma, ya mwongozaji Alfonso Cuarón, ikachukua tuzo tatu za Oscar, ikiwemo ya uongozaji bora, na ilikuwa ya Netflix hiyohiyo. Watu wengi walioipenda waliionea nyumbani. Je, hawakuiona?

Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza

Kwa filamu tunaweza kubishana mpaka asubuhi. Kwa tamasha, hapana.

Besi husikika kwa sikio, lakini pia hupiga kifuani, hutetemesha sakafu unayosimama. Halafu kuna watu. Mwimbaji akinyamaza, umati ukaendeleza wimbo, wewe uliye katikati hujui tena sauti yako inaishia wapi na ya mwenzako inaanzia wapi. Leta spika uzitakazo nyumbani, hilo hulipati.

Na kuna jambo ambalo watazamaji wa nyumbani hawapendi kulisikia. Mnachotazama ni video ya tamasha. Mtu mwingine amekaa mbele ya vioo kumi, ndiye anayeamua sasa hivi mwangalie vidole vya mpiga gitaa, sasa uso wa mwimbaji, sasa binti anayelia mstari wa mbele. Macho yenu yameazimwa. Tena rekodi nyingi za "mubashara" hurekebishwa studio kabla ya kutoka: noti iliyopotoka inanyooshwa, sauti ya umati inaongezwa. Mtu anatoka hapo anasema "bendi ilikuwa safi sana usiku ule". Ataujuaje usiku ule?

Mchangiaji wa pili

Mimi nilikuwepo. Uwanja mkubwa, nimesimama nyuma kabisa. Nilichoona ni visogo na simu zilizoinuliwa juu. Msanii alikuwa kidoa cha mwanga, kwa hiyo usiku wote nilitazama zile skrini kubwa za pembeni mwa jukwaa, na midomo yake haikwenda pamoja na sauti kwa sababu sauti huchelewa kufika nilipokuwa.

Baadaye nikatazama rekodi ya onyesho lilelile nikiwa kitandani. Ndipo nikaona kwamba mpiga ngoma alikuwa akilia kwenye wimbo wa mwisho. Nilikuwepo, na sikumwona.

Mchangiaji wa tatu

Nafanya kazi ya kufunga mitambo ya picha na sauti, kwa hiyo nitasema ninachokiona kila siku. Watu wengi hawatazami filamu aliyoitengeneza mwongozaji, wanatazama mipangilio ya kiwandani.

Filamu za sinema hupigwa kwa fremu, yaani picha moja moja, 24 kwa sekunde, na ndivyo ilivyo tangu sauti ilipoingia kwenye sinema mwishoni mwa miaka ya 1920. Televisheni za kisasa huonyesha picha mara 60 au 120 kwa sekunde. Ili kujaza pengo, nyingi zinabuni fremu za katikati ambazo hakuna kamera iliyozipiga. Mambo yanakuwa laini kupita kiasi. Mtazame mtu anayegeuza shingo: uso unateleza kama uliopakwa mafuta, na ukuta wa nyuma yake unaonekana umetengenezwa kwa mbao nyembamba jana yake. Mtu anasema "waigizaji wabovu, mapambo ya bei rahisi". Waigizaji hawana kosa. Desemba 2018 Tom Cruise na mwongozaji Christopher McQuarrie walitoa video nzima kuwaomba watu wakizime kitu hiki. Mwaka 2019 watengenezaji wa televisheni na waongozaji wakakubaliana kuweka hali maalumu ya kutazamia filamu, inayozima ulainishaji kwa kubonyeza mara moja. Kama televisheni yako haina, ingia kwenye mipangilio ya picha, tafuta palipoandikwa neno la mwendo, zima.

Sauti nayo. Filamu huchanganywa kwa spika nyingi, na mazungumzo mara nyingi hupewa spika ya katikati peke yake. Televisheni nyembamba ina spika mbili ndogo zinazotazama chini au ukutani, na kila kitu kinabanwa humo. Ndiyo maana unaongeza sauti wanaponong'ona, kisha bomu likilipuka unaikimbilia rimoti. Nimewasikia watu wakimlaumu mwandishi kwamba mazungumzo hayaeleweki. Hayakuwafikia.

Namuunga mkono mleta mada. Sema ulitazamaje.

Mchangiaji wa nne

Sikubaliani, na nitasema kwa nini.

Mimi mtazamaji sidaiwi chochote. Kazi ya sanaa ikishatolewa kwa watu, itajitetea yenyewe. Kama bega la binti ndilo linalobeba filamu, basi mwongozaji alipaswa kunifanya niweke simu chini. Wangapi wamesinzia ndani ya ukumbi, kwenye kiti cha mbele, kisha wakaandika maoni marefu? Hao hawaulizwi walikaaje. Anaulizwa wa nyumbani tu, kwa sababu kuna watu wanataka sinema ibaki kuwa ya wanaoweza kufika ukumbini.

Na hili la kasi. Mwaka 2019 Netflix walipoanza kujaribu kitufe cha kuongeza na kupunguza kasi kwenye simu, waongozaji kama Judd Apatow na Brad Bird walipiga kelele kwamba kazi yao inaharibiwa. Mwaka uliofuata kitufe kikaanza kutumika, kutoka mara 0.5 mpaka mara 1.5 ya kasi ya kawaida. Mkasirike msikasirike, kuna viziwi wanaopunguza kasi wapate muda wa kusoma maandishi, na kuna wasioona waliozoea kusikiliza haraka kuliko mimi na wewe. Watu hao nao waje kila mara na maelezo ya kujitetea?

Mleta mada

Nianze na wewe wa mwisho, kwa sababu umenigusa. Kwa viziwi na wasioona, umesema kweli na sikuwa nimewafikiria. Kasi kwao ndiyo mlango wa kuingilia, na hakuna anayetakiwa kuomba radhi kwa kupita mlangoni. Ila sikutaka mtu ajitetee. Nilitaka atoe taarifa. Aliyetazama kwa 1.5 anaweza kunieleza hadithi, maneno, hata uso wa mwigizaji. Akiniambia filamu "inaenda mbio" au "inavuta", hapo nitamkatalia, kwa sababu mwendo aliuweka yeye kwa kidole chake. Na mhakiki aliyesinzia ukumbini naye aseme alisinzia. Deni ni lile lile.

Sasa ndugu yangu wa kwanza, wa tamasha. Besi ya kifuani nakupa, sina cha kubisha. Lakini hii ya "asiyekuwepo na lake halipo" inanishinda. Tarehe 12 Aprili 2020, siku ya Pasaka, mwimbaji wa Italia Andrea Bocelli aliimba katika kanisa kuu la Milano likiwa tupu, kwa sababu ya korona. Alikuwepo yeye, mpiga kinanda na watu wa kamera. Kwa wakati mmoja watu zaidi ya milioni 2.8 walikuwa wakimtazama kwenye YouTube. Nani alikuwepo siku ile? Juni mwaka huohuo BTS, kundi la waimbaji la Korea Kusini, walifanya onyesho la mtandaoni lililotazamwa na watu wapatao 756,000, na hakukuwa na mlango wowote wa kuingilia zaidi ya kioo. Ukiwaambia wote hao kwamba hawakuhudhuria, basi onyesho halikuwa na mhudhuriaji hata mmoja.

Na si jambo la korona tu. Opera ya Metropolitan ya New York, nyumba ya michezo inayoimbwa, imekuwa ikirushwa redioni tangu 1931. Kuna watu walizeeka wakiijua ile nyumba kwa sikio, wasiwahi kukanyaga ngazi zake, na wakaweza kukuambia mwimbaji yupi amechoka usiku huo. Glenn Gould, mpiga piano wa Kanada, aliacha kabisa kupiga mbele ya watu mwaka 1964, akiwa na miaka 31, kwa sababu aliamini muziki wake unafika vizuri zaidi kwa mtu aliye peke yake na rekodi. Ni mpiga piano mwenyewe aliyechagua sebule yetu.

Mchangiaji wa kwanza

Bocelli nimekubali. Lile onyesho lilitengenezwa kwa kamera, kwa hiyo aliyekuwa mbele ya kioo alikuwa kwenye kiti cha mbele. Gould vilevile: aliitengeneza kazi kwa ajili ya rekodi.

Tamasha la uwanjani halikutengenezwa hivyo. Limetengenezwa kwa miili iliyosimama pamoja, na hata yule ndugu aliyeona visogo alikuwa sehemu ya kitu ambacho mpiga ngoma alikililia. Labda alimlilia yeye. Hapo sirudi nyuma.

Mchangiaji wa tano

Nimesoma yote, nikasita kuandika. Namuuguza mama yangu, mwaka wa nne sasa. Usiku sitoki. Filamu ya saa mbili naitazama kwa siku nne, sauti chini, mlango wazi nimsikie akiita. Mnapozungumzia kukaa mara moja mpaka mwisho, taa zimezimwa, mnazungumzia maisha ambayo siyaishi. Lakini zile filamu nazibeba. Naosha nguo nikiwa ndani yake. Kipande cha dakika 20 nakaa nacho kutwa nzima kabla ya kingine, na wakati mwingine nahisi nimekiona kuliko aliyekimeza kwa mkupuo. Maoni yangu nayo yana nafasi hapa?

Mleta mada

Yana nafasi, dada yangu, na naomba uyaandike hivyohivyo: siku nne, sauti chini, mlango wazi. Nikijua hayo, nitajua kwamba ukiniambia sehemu fulani haikutoki kichwani, imepita kwenye mtihani ambao ukumbini haupo kabisa. Nilipoandika "alikaa mara moja au aliikatakata" niliiweka kama vile kukatakata ni kosa. Naliondoa hilo.

Na mimi nilipe deni langu. Jana usiku nimetazama rekodi ya tamasha la waimbaji watatu na gitaa moja, kwa kompyuta ndogo, hedifoni masikioni, bila kusimamisha. Kabla ya kila ubeti nilisikia mwimbaji wa katikati akivuta pumzi, na wenzake wawili wakivuta pamoja naye, kama mtu mmoja. Kwenye wimbo wa tano alichelewa nusu pumzi. Wakamngojea. Hapo ndipo nilipowapenda. Kamera inawahi mno kuruka kwenda kwa watazamaji, mara tatu imenikatia mkono wa mpiga gitaa pale nilipotaka kuuona. Kuhusu besi siwezi kusema lolote, hedifoni zangu ni ndogo. Aliyekuwepo ukumbini, naomba aniambie: ile nusu pumzi ilisikika huko?