Bei za vitu vya kale kwenye TV zina ukweli?

Mwambao: Wakuu, kwenye Antiques Roadshow, kipindi cha BBC cha kukadiria bei za vitu vya kale, mtu anatoa sahani kwenye mfuko, mtaalamu anaigeuza, anataja maelfu ya pauni. Hapa Bagamoyo nina rupia ya fedha ya Mjerumani ya 1890, heller kadhaa (sarafu zake ndogo) na mlango wa nakshi. Bei nitaijuaje? Nizisugue kwanza?

Sonara wa Ngamiani: Usisugue! Limau, majivu, dawa ya meno, vyote weka mbali. Wakusanyaji wanautaka huo utando mweusi. Ukiutoa inabaki mikwaruzo inayoonekana ukiinamisha sarafu kwenye mwanga, na bei inaporomoka. Ipime kwenye mizani ya sonara: rupia halali ina gramu 11.66, iliyochakaa hupungua kidogo. Kisha angalia ukingo kwa lenzi. Ukiona mstari wa kiungo au vitundu, imemiminwa kwenye kalibu, ni feki. Sumaku ikiinasa, habari imeisha.

Heller zilianza 1904. Tafuta herufi ndogo ya mji ilikopigwa: A ni Berlin, J ni Hamburg, T ni Tabora. Za Tabora za 1916 zilipigwa kwenye karakana ya reli wakati wa vita, kwa hiyo usizikatae kwa sababu tu zimepigwa ovyo.

Dalali Mstaafu: Ile bei ya TV mara nyingi ni makadirio ya mnada. Mnada wenyewe unamkata muuzaji kamisheni, na mnunuzi naye anaongezewa yake. Ukisikia "kwa ajili ya bima", hiyo huwa juu zaidi, ni gharama ya kununua kingine dukani. Halafu wanaopigwa picha ni wachache. Foleni nzima ya wenye birika za kawaida huioni.

Fundi Nakshi: Mlango ni kesi nyingine. Kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, mlango uliochongwa kabla ya 1940 unalindwa. Usiung'oe wala kupokea hela ya mtu kabla hujafika Idara ya Mambo ya Kale. Kuutoa nje bila kibali ni kosa. Kagua mgongo wa mbao: alama za tezo (kifaa cha mkono cha kuchongea mbao) hazilingani, za mashine zimenyooka. Tazama na mfaa, ile nguzo ya katikati ya mlango, maana wengi wamebadilisha mbao wakaacha mfaa wa zamani, au kinyume chake. Vanishi usipake.

Mwambao: Shukrani. Sarafu nimezifunga pamoja kwenye plastiki laini.

Sonara wa Ngamiani: Zitoe leo, mkuu. Plastiki ya PVC hutoa ute wa kijani unaokula shaba. Kila moja bahasha yake ya karatasi, na uzishike ukingoni.