Naomba ushauri: plake ya jina na karatasi za gari linalokuja Lubumbashi

Ndugu zangu, mnisaidie. Shemeji yangu aliye Leicester ananiuzia Toyota yake, itapitia Dar es Salaam na Zambia hadi Kasumbalesa. Gari lina plake ya binafsi yenye herufi za jina lake, naye anataka kubaki nayo. Ni haki yake, aliinunua.

Kule Uingereza plake hiyo huondolewa kwanza kwa DVLA, ofisi ya serikali inayoandikisha magari, pauni 80. Mwenyewe anapewa V778, cheti cha kuhifadhi namba kwa miaka 10. Gari linapewa namba nyingine na V5C mpya, ndiyo karatasi ya kuandikishwa kwa gari kule. Likiuzwa kabla, plake inaenda na gari.

Sasa karatasi ya meli imekwisha kuandikwa namba ya zamani, na V5C itasema nyingine. Namba ya shasi ni ileile. Je, dwane inatosheka na shasi, ao karatasi ya meli irekebishwe mbele gari halijapakiwa? Na kwa karte roze, wanataka V5C yenyewe ao kopi? Shemeji anangoja jibu langu ndipo atume ombi. Aliyepitisha gari la Uingereza hivi karibuni anieleze, tafadhali.