50mm f/1.8 au 85mm f/1.8: ipi inafifisha nyuma zaidi?

mgeni_wa_lenzi
Wakuu, nina kamera ya APS-C (ile yenye sensa ndogo kuliko full-frame) na lenzi iliyokuja nayo, 18-55mm f/3.5-5.6. Nikimpiga mtu, bango la duka lililo nyuma yake linasomeka mpaka namba ya simu. Naweka 18mm ili nipate f/3.5, wapi! Ninunue ipi?

tundu_wazi
Hiyo 18mm ndiyo inayokuangusha. Chukua milimita za lenzi, gawa kwa namba ya f, unapata upana wa tundu linalopitisha mwanga. 18 kwa 3.5 ni milimita 5 tu. Vuta hadi 55mm kwa f/5.6: karibu 10, mara mbili, ingawa namba ya f imepanda. 50mm f/1.8 inakupa 28, 85mm f/1.8, 47.

Upana huo unauona pichani. Taa iliyo mbali sana nyuma hutawanyika ikawa duara la upana uleule, ukilipima usoni pa unayempiga. Milimita 10 ni kifungo cha shati; 47 inafunika jicho zima na nyusi yake.

mzee_wa_fremu
Kweli, ila kwa vitu vya mbali. Mtu akiwa mita 2 na ukuta nusu mita nyuma yake, 50mm inatoa duara la milimita 5.6. Kwa 85mm itabidi urudi hadi mita 3.4 upate fremu ileile, na duara linakuwa 6. Umelipia nini hapo? Mtoe ukutani mita 10 ndipo 50mm inatoa 23 na 85mm inatoa 35. Ukipigia vyumbani, chukua 50mm. Hiyo nafasi ya kurudi nyuma hutaipata.

mgeni_wa_lenzi
Na wakiwa wawili?

tundu_wazi
Kwa 50mm f/1.8, mita 2, sehemu inayotoka kali ni kama sentimita 11 tu. Aliyesimama nyuma ya bega la mwenzake kwisha habari yake. Wapange sambamba na kamera, au funga tundu hadi f/4, upate kama sentimita 24. Fokasi iweke juu ya jicho lenyewe. Ukifokasi kwa pointi ya kati kisha ukazungusha kamera, fokasi inasogea nyuma kidogo ya jicho.

mzee_wa_fremu
Ukienda kwenye mtumba wa Canon, 50mm f/1.8 II ina visu 5 vya tundu: funga hadi f/2.8 uone taa zikigeuka pembetano. Toleo lililoifuata, 50mm f/1.8 STM, lina 7.