Tupeane uzoefu: matapeli wa Mwanza wanatumia mbinu gani?

Wakuu, habari za Jiji la Miamba. Kila mara nasikia mtu kalizwa, na wengi wananyamaza kwa aibu. Wakinyamaza, tapeli anahamia kwa jirani na mbinu ileile. Naomba tuzianike hapa.

Naanza na dagaa, kwa sababu nanunua pale Mwaloni Kirumba. Kuna muuzaji anapasha moto tako la ndoo, analisukuma kwa ndani. Kwa juu unaona imejaa, na kilele anakuwekea kwa mbwembwe zote. Kabla hajapima, igeuze hiyo ndoo. Muuzaji mwaminifu hanuni.

Halafu kuna dagaa wa mchangani. Wakianikwa chini wakiwa wabichi, mchanga unawaganda, na kwenye mzani unalipia mchanga. Chota kiganja kimoja, pekecha juu ya karatasi nyeupe. Dagaa wa kwenye chanja wanang'aa kama fedha na karatasi inabaki safi. Tena akikuapia kwamba wametoka ziwani jana, na mbalamwezi imekamilika, mbane kwa maswali. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwaka, wavuvi wengi wanapumzika.

MDAU WA IGOMA: Mama yangu alipigiwa na kijana: "Mama, pesa yangu imeingia kwako kimakosa, naomba unirudishie, nina mgonjwa." Meseji ilifanana kabisa na ya kweli, ila ilitoka kwenye namba ya kawaida. Mama akamwambia, "Subiri mwanangu, niangalie salio kwanza." Hakukuwa na hata shilingi iliyoongezeka. Kijana akaanza matusi! Namba yake tuliiripoti 15040. Na wote pigeni *106# muone kama kuna laini msizozijua zilizosajiliwa kwa kitambulisho chenu.

DADA WA BUHONGWA: Pole kwa mama. Mimi ilikuwa stendi, mpiga debe kaniuzia siti ambayo abiria mwingine alishaikalia, ana tiketi halali. Tangu hapo nakata dirishani tu.

MWANZISHA MADA: Asanteni sana. Wafanyabiashara wa mabondo, yaani vifuko vya hewa vya sangara, mko wapi? Kilo moja ni pesa nyingi, na unyevu kidogo tu unavuruga hesabu. Mnayatambuaje yasiyokauka kabla hayajapanda mzani?